Dawa ya Nyama

Kaka yangu alirithi buchari ya baba yetu pale Naro Moru, upande wa barabara kama unaelekea Nanyuki. Ilikuwa chumba kimoja cha mawe, chenye dirisha la kioo, mizani ya kuning'inia na gogo la kukatia nyama lililokuwa limebonyea katikati kwa kazi ya miaka mingi. Mimi nilisomea afya ya umma, na nilipoajiriwa nikawa mtu wa kukagua buchari za watu. Baba aliliona jambo hilo kuwa kichekesho kikubwa. Kila nilipofika nyumbani alikuwa akinisalimu kwa swali lile lile: "Daktari, leo umekuja kula ama kukagua?" Huku kwetu afisa wa afya huitwa daktari hata kama hajawahi kumdunga mtu sindano.

Baba alipofariki, kaka aliendelea. Ni mtu mkubwa wa mwili, mpole, asiyependa maneno mengi. Mama humwita "baba" kwa sababu amebeba jina la babu yetu, mzazi wa baba, na mimi huniita "mama" kwa sababu nimebeba jina la mzazi wake. Kwa hivyo katika nyumba yetu mama alizungukwa na wazazi aliowazaa mwenyewe, na aliwalea kwa adabu hiyo hiyo. Kaka alikuwa na pumu tangu utotoni. Asubuhi za baridi, mlima ukiwa wazi na nyasi zimeganda umande, tulimsikia akipumua chumbani kwake kama mtu anayekata mbao kwa msumeno butu. Alipokua pumu ilipungua, ila haikumwacha.

Nilikuwa naishi Ruring'u na kufanya kazi mjini Nyeri. Wenzangu wengi katika ofisi yetu walipenda kukagua hoteli, maana hoteli zina chai. Mimi nilipenda viongezeo. Hivyo ni vile vitu vinavyotiwa chakulani ili kisioze haraka, kipendeze macho, au kikolee mdomoni. Vimegawanywa kwa makundi. Kuna rangi, kuna vihifadhi, kuna vya kukoleza ladha, kuna vya kuzuia mafuta yasichache, na kila kimoja kimepewa namba yake. Halafu vyakula navyo vimegawanywa kwa madaraja, na sheria inasema kitu gani kinaruhusiwa katika daraja gani, na kwa kiasi gani. Unga mmoja unaweza kuwa halali kwenye jemu na haramu kwenye mkate. Watu wengine waliona hayo yanachosha. Mimi niliona kuna akili ndani yake. Nilipenda kwamba swali halikuwa "hii ni sumu au si sumu," bali "umeitia wapi, na kiasi gani." Niliwafundisha akina mama wa Karatina wanaotengeneza maziwa ya mtindi, nikawafundisha vijana wa kukamua juisi, na niliamini kila neno nililosema.

Basi ikafunguliwa buchari mpya Naro Moru, hatua chache tu kutoka ya kaka. Mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa na kiongozi wa wafanyabiashara pale, mtu wa kutoa mchango wa kwanza kila harambee. Aliweka vigae vyeupe kutoka sakafuni hadi darini, akaweka taa, akawavisha wakataji nyama makoti meupe. Watu wakaenda kuangalia, kama kawaida ya kitu kipya, na kaka hakujali. Alisema watarudi.

Hawakurudi. Siku moja alinipigia simu kazini, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Unaweza kuja Saturday?" aliuliza. "Kuna kitu nataka uone na macho yako."

Nilienda. Nilimkuta amesimama nyuma ya kaunta, na mbele yake, juu ya sahani mbili za bati, kulikuwa na vipande viwili vya nyama. Kimoja kilikuwa cha kwake, cha ng'ombe aliyechinjwa siku iliyotangulia. Kilikuwa kimeanza kuwa cheusi kingoni, kama nyama yoyote inavyokuwa. Kingine alikuwa amemtuma mtu akinunue kwa jirani. Kilikuwa chekundu kabisa, chekundu kama kimekatwa wakati huo huo.

"Hii ya kwake niliona ikishushwa kwa pikapu Monday," kaka alisema. "Mimi mwenyewe niliona. Sasa niambie, hii nyama imekataa kuzeeka?"

Nzi wawili walikuwa wakitembea juu ya nyama ya kaka. Juu ya ile nyingine hapakuwa na nzi hata mmoja.

"Wateja wananiambia niko na uchafu," alisema. "Ati kwa yule mzee hakuna nzi. Ati nzi wamenijua mimi."

Niliinama nikanusa. Nyama ilikuwa imeoshwa vizuri, lakini chini ya harufu ya maji kulikuwa na harufu nyingine, kama kiberiti kilichowashwa na kuzimwa karibu na pua. Nilijua ni nini. Jina lake ni metabisalfaiti ya sodiamu, unga mweupe, kihifadhi. Wenye buchari huuita dawa tu. Huchanganywa na maji, nyama ikalowekwa au kupanguswa nayo, na hata ikiwa imelala siku nyingi wekundu unabaki.

"Ni sumu?" kaka aliuliza.

"Siwezi kusema ni sumu. Kwa zabibu kavu inaruhusiwa. Kwa jemu inaruhusiwa, na kwa juisi za chupa. Kwa nyama mbichi hairuhusiwi hata kidogo."

"Kwa nini kwa nyama hapana?"

"Kwa sababu inafanya nyama ya zamani ionekane ya leo, na mtu hawezi kujua anakula nini. Tena inaua vitamini iliyomo. Na mtu wa pumu kama wewe, hata mvuke wake unaweza kufunga kifua."

Alifikiri kidogo, akafunika ile nyama ya jirani kwa gazeti.

"Basi si umkamate?" alisema. "Hiyo ndiyo kazi yako."

"Lazima tuchukue sampuli kwanza. Maabara iseme."

"Wacha maabara iseme," kaka alisema, na akatabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu mazishi ya baba. Nakumbuka nikirudi Nyeri jioni hiyo nilikuwa na furaha ya ajabu, ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza elimu yake imefika hadi mlangoni kwao.

Nilimweleza mkuu wangu wa kazi mambo yote, pamoja na kwamba buchari ya jirani ni ya kaka yangu. Sikutaka jambo hilo lije kusemwa baadaye. Alisema ni vizuri nimesema, na akanipa mwenzangu mmoja wa kiume tuende naye, ili yeye ndiye aandike na kutia sahihi. Tukaenda. Mwenye buchari alitupokea vizuri kuliko watu wote niliowahi kuwakagua.

"Karibuni sana, madaktari," alisema, akafuta viti kwa mkono wake. "Waletee madaktari soda." Kisha akanitazama. "Wewe si ni dada ya huyu jirani yangu? Mzee wenu alikuwa rafiki yangu. Alikuwa mtu wa ukweli."

Mwenzangu alikata vipande, tukavigawanya mbele yake, tukavifunga na kuvipiga muhuri. Yeye alitazama tu, mikono nyuma, kama mtu anayetazama watoto wakicheza. Soda hatukuinywa. Tulipokuwa tukitoka alisema, "Hakuna shida. Kazi ni kazi." Aliyasema hayo bila hasira yoyote, na hapo ndipo ningepaswa kuogopa.

Majibu ya maabara yalichukua muda mrefu. Wakati huo wote kaka alikuwa akipunguza. Kwanza aliacha kununua ng'ombe mzima akawa anachukua nusu, akigawana na mtu wa Kiganjo. Kisha akawa anachukua mguu. Wapagazi wanaowabebea watalii mizigo mlimani, waliokuwa wakinunua kwake tangu enzi za baba, walipita na karatasi za nyama za yule jirani mkononi, wengine wakimpungia mkono kwa aibu. Nikimpigia simu aliuliza kitu kimoja tu: "Maabara imesema?"

Mwishowe maabara ilisema. Mpimaji mwenyewe alinipigia. Unga ulikuwemo, tena kwa wingi ambao hata kwenye zabibu usingekubaliwa. Nilikwenda ofisini kwa mkuu wangu nikiwa karibu kukimbia.

Alisikiliza. Alikuwa mtu msomi, mwenye sauti ya chini, na alinifundisha mengi nilipoanza kazi. Ndiyo maana sikumwelewa mara moja.

"Hii nyama ilikuwa na viungo?" aliuliza.

"Viungo gani?"

"Mwenye buchari amekuja hapa. Anasema nyama yake anaipaka pilipili na chumvi kabla ya kuiuza. Kwa hivyo si nyama mbichi. Ni bidhaa ya nyama, iko daraja lingine kabisa."

"Mkuu, mimi nilikuwa pale. Hakukuwa na pilipili. Mwenzangu alikata nyama ikining'inia kwa ndoano."

"Yeye anasema kulikuwa na pilipili."

"Hata kama kulikuwa. Mtu hawezi kunyunyiza pilipili juu ya paja la ng'ombe halafu aseme amesindika chakula."

"Wewe unajua hayo. Mimi pia najua hayo." Alivua miwani akaifuta. "Lakini nani atasema? Wewe? Kaka yako ana duka pale pale. Wakili wa yule mzee atakusimamisha mahakamani akuulize swali moja tu, kesi imeisha. Wacha tuandike ni bidhaa ya nyama, tuwaulize wakubwa Nairobi watupe mwongozo kuhusu daraja hilo."

"Na wakati tunangoja mwongozo?"

"Tunangoja," alisema.

Nilibishana naye hadi akaacha kunijibu. Niliandika maelezo yangu mwenyewe nikayapeleka kwa mkubwa wake, na mkubwa wake akayarudisha kwake yeye. Wiki iliyofuata nilihamishwa kutoka kitengo cha chakula hadi kitengo cha maji na vyoo. Walisema wanahitaji mtu mwenye uzoefu. Nikawa mtu wa kuzunguka shule nikihesabu mashimo, nikiwa na kichwa kilichojaa namba za vihifadhi ambazo hakuna mtu aliyezihitaji chooni. Mwongozo kutoka Nairobi sikuwahi kuusikia ukitajwa tena.

Niliogopa kumwambia kaka. Nilipomwambia, hakukasirika. Aliuliza tu, polepole, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri: "Kwa hivyo maabara ilisema, na bado?"

"Bado," nilisema.

Alifunga buchari mwaka huo huo. Mizani aliiuza kwa mtu wa Chaka, na gogo la baba likabebwa hadi nyumbani kwa mama, likawekwa nje ya jikoni. Mama alikuwa akilikalia akimenya viazi. Nilidhani kaka atalima. Shamba letu si kubwa, lakini kabichi na viazi huko kwetu humea vizuri, na mama alikuwa na ng'ombe wa maziwa.

Nilipokwenda nyumbani mara nyingine, nilimkuta mama peke yake. Nikamuuliza kaka yuko wapi.

"Baba ameenda kazi," mama alisema, bila kuniangalia.

"Kazi gani?"

"Kazi ile anajua."

Nilikwenda hadi barabarani kwa miguu. Nilimwona kupitia kioo cha buchari ile ya vigae vyeupe. Alikuwa amevaa koti jeupe lililombana mabegani, ameinama juu ya beseni, akipangusa paja la ng'ombe kwa kitambaa kilicholowa. Alipangusa kwa uangalifu, kama alivyofundishwa na baba kupangusa gogo. Aliponiona alisimama wima, kisha akatoka nje.

"Usianze," alisema.

"Unajua hiyo ni nini kwa beseni?"

"Si wewe ndiye uliniambia."

"Na kifua chako?"

"Nafunga kitambaa kwa pua."

"Kaka, kitambaa hakizuii kitu. Toka hapo. Nitakusaidia, tutatafuta kitu kingine."

"Kitu gani? Mimi najua kukata nyama. Sijui kitu kingine, na watoto wako shule." Aliongea kwa sauti ya chini kwa sababu ndani kulikuwa na wateja. "Halafu nikuulize. Mlichukua hiyo nyama, mkapima, mkajua. Serikali ikajua. Na duka haikufungwa hata siku moja. Sasa mimi nifikirie nini? Nikasema labda wale wakubwa wanajua kitu ambacho dada yangu hajui. Labda haina neno."

Jibu nililokuwa nalo halikuwa la kumwambia mtu aliyesimama barabarani akiwa na koti la tajiri mwingine. Nilimwambia atumie glavu. Hilo ndilo nililopata kumwambia, afisa wa afya wa miaka yote hiyo: atumie glavu.

Pumu ilirudi. Mama ndiye aliyeniambia. Alisema kaka sasa hulala ameketi, ameegemea ukuta, na akikohoa hutoka nje ili wasimsikie. Nilimnunulia dawa ya kuvuta kwa mdomo. Aliipokea akasema asante, na kesho yake akarudi kazini.

Halafu siku moja runinga ikaonyesha habari kuhusu nyama iliyotiwa dawa. Haikuwa ya kwetu. Ilikuwa ya miji mingine. Lakini nchi nzima ilishtuka. Watu waliacha kununua nyama kwa muda, wanasiasa wakaongea, na watu wale wale waliokuwa wakisifu nyama isiyo na nzi wakasema siku zote walijua. Ofisini kwetu kulikuwa na pilikapilika ambazo sijawahi kuziona. Wakubwa walitaka watu wakamatwe, na wakamatwe upesi, mbele ya kamera. Kikosi kilitoka Nairobi na askari. Mimi nilikuwa katika shule fulani nikitazama tangi la maji simu ilipolia. Alikuwa mama.

"Mama," aliniambia, "wamembeba baba."

Walikuwa wameingia kwenye buchari asubuhi. Waliwakuta wakataji wawili na beseni. Mmoja alikimbia kupitia mlango wa nyuma. Kaka hakukimbia, kwa kifua kile hangefika mbali. Alikuwa ameshika kitambaa. Walimpiga picha akiwa amekishika, na picha hiyo ikazunguka kwenye simu za watu wote wa Nyeri, kaka yangu akitazama kamera kwa mshangao, mdomo wazi, akitafuta hewa. Chini yake watu waliandika muuaji. Mwenye duka hakuwapo. Alikuwa kwenye mkutano wa kanisa.

Nilikwenda kwa mkuu wangu. Nilimwambia mara hii sitanyamaza. Nitasema kwamba buchari ile tuliipima zamani, na unga ulikuwemo, na mwenyewe alijua. Alinitazama kwa huruma, nadhani ilikuwa huruma ya kweli.

"Sema," alisema. "Lakini fikiria kwanza nani atasaidiwa na maneno yako."

Nilisema hata hivyo. Nilimwambia mwendesha mashtaka, na majibu ya sampuli ile ya zamani yakaletwa mahakamani. Mwenye buchari alishtakiwa pamoja na kaka. Kwa siku chache niliamini kwamba mambo yamenyooka.

Mahakamani sikuruhusiwa kutoa ushahidi wa kitaalamu kwa sababu ya undugu, na hilo lilikuwa haki. Alisimama yule mwenzangu wa kiume. Mimi nilikaa kwenye benchi na mama, ambaye alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Wakili wa mwenye buchari alikuwa kijana mwenye adabu.

"Daktari," alianza, "huu unga ni sumu?"

"Ni kihifadhi," mwenzangu alijibu.

"Swali langu ni rahisi. Umo katika orodha ya vitu vinavyoruhusiwa katika chakula, au haumo?"

"Umo. Lakini—"

"Asante. Unaruhusiwa katika chakula gani?"

"Matunda yaliyokaushwa. Jemu. Baadhi ya vinywaji."

"Kwa hivyo mimi na wewe pengine tumeula wiki hii."

"Pengine."

"Sasa, mteja wangu alipimwa nyama yake zamani na ofisi yenu. Mliipata na unga huo. Mlimwandikia kwamba amevunja sheria?"

Mwenzangu alitazama karatasi zake. Kisha akasema, "Hapana. Iliandikwa ni bidhaa ya nyama. Tulikuwa tunangoja mwongozo."

"Mwongozo ulikuja?"

"Haukuja."

"Basi mteja wangu alifanya nini zaidi ya kungoja pamoja na nyinyi?"

Watu wengine walicheka. Mama aliniuliza kwa sauti ya chini wanacheka nini, na sikuweza kumwambia. Nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha yule kijana, mambo yote niliyowafundisha watu kwa miaka, kwamba usiulize kama ni sumu, uliza imetiwa wapi. Sampuli ambayo niliipigania hadi nikapelekwa vyooni ndiyo iliyomfungulia mwenye buchari mlango. Ilionyesha kwamba ofisi ilijua na haikumkataza.

Kwa kaka mambo yalikuwa mengine. Nyama aliyokutwa nayo haikuwa na pilipili. Ilikuwa mbichi, na alikuwa akiipaka unga kwa mikono yake. Mwenye duka aliapa kwamba hakumtuma afanye hivyo siku hiyo. Kwamba kaka ni fundi mwenye uzoefu, mwana wa mtu aliyekuwa na buchari yake mwenyewe, na anajua kazi yake. Hakimu alimuuliza kaka kama alijua kwamba unga ule haukubaliwi kwenye nyama mbichi.

Kaka alifikiri. Angeweza kusema hakujua. Wakili aliyepewa alikuwa amemwambia aseme hivyo.

"Nilijua," alisema. "Dada yangu aliniambia."

Sijui kama alitaka kuniumiza. Nimejiuliza sana. Nadhani alikuwa tu amelelewa na baba yetu, na aliulizwa swali, akajibu.

Mwenye buchari aliachiliwa. Kaka alifungwa kwa miezi kadhaa. Mama hakulia pale. Aliinuka, akafunga kitambaa chake kichwani vizuri, akaniambia twende tukamnunulie kaka sweta, maana gerezani kuna baridi. Tulikwenda sokoni tukachagua ya kijivu. Hatukujua kama wangemruhusu kuivaa. Hawakumruhusu.

Alitoka akiwa amepungua mwili, na kifua chake hakikuwa cha kukaribia moto wa kuni tena. Sasa anakamua ng'ombe wa mama na kupeleka maziwa barabarani asubuhi. Watu wa Naro Moru wanamnunulia, wengine wakimwita kwa jina la utani ambalo sitaliandika. Yeye huitika. Nikienda nyumbani tunasalimiana vizuri. Ananiuliza habari za kazi, nami namwambia habari za matangi na mabomba. Hajawahi kunilaumu, na kuna siku natamani anilaumu ili nijue mahali pa kuanzia kujitetea.

Baada ya kelele zile kuisha, iliamuliwa kwamba wenye buchari wote wa eneo letu wafundishwe kuhusu viongezeo. Mtu aliyejua zaidi nilikuwa mimi, kwa hivyo nilitolewa vyooni kwa siku moja. Nilifundisha katika ukumbi wa kanisa, Karatina. Yule mzee mwenye buchari alikuja mapema, akakaa mbele, akaandika. Mwishoni aliinua mkono akauliza swali zuri sana, kuhusu tofauti ya nyama ya kusaga na nyama ya vipande, na mimi nikamjibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Kisha mwenyekiti akatangaza kwamba chakula cha mchana kimeletwa kwa hisani ya mzee huyo. Watu walipiga makofi. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na nadhani hakuna aliyeona.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya viazi, mama alinikalisha jikoni akaniambia nimweleze. Alisema yeye hakwenda shule sana, lakini ana masikio, na alikaa mahakamani kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuelewa. Basi nikamweleza. Nilimweleza kuhusu unga, na kuhusu orodha, na kwa nini kitu kinaweza kukubaliwa hapa na kukataliwa pale. Nikamweleza kwa nini ofisi iliandika bidhaa ya nyama, kwa nini mkuu wangu aliogopa wakili, kwa nini wakili alisema aliyoyasema, na kwa nini hakimu hakuwa na njia nyingine. Nilieleza vizuri. Nina ujuzi wa kueleza. Mama alisikiliza bila kunikatiza, viazi vikiwa vimetulia mapajani mwake. Kaka alikuwa nje akimimina maziwa kwenye mtungi. Tulikuwa tunamsikia akikohoa.

Nilipomaliza, mama aliweka kisu chini.

"Kwa hivyo, mama," alisema, "hakuna mtu alikosea?"

Nilianza kusema kwamba sivyo, kwamba mwenye buchari alikosea, kwamba mkuu wangu alikosea, na nikaona kwamba nimetoka tu kueleza, kwa saa nzima na kwa ufasaha, kwa nini kila mmoja wao alikuwa na njia ya kutokea. Mama alirudi kwenye viazi vyake, na kaka akaingia na mtungi kuuliza kama tumebakiza chai.